Baba, Mama na Siku Sita za Bondeni

Leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, barazani kwetu Kidete, mbele ya baba mdogo, mashangazi, majirani na masinia manne ya pilau. Na kilichoniaibisha si nguo iliyochanika wala simu iliyolia katikati ya dua. Ni hesabu. Mimi, ambaye humu kundini mnaniita Mwalimu.

Kwa mlioingia kundini wiki hii: naitwa Zaina, nakaa mapokezi kwenye gesti moja hapo Mikumi, kando ya barabara ya Iringa, na kwa miezi minne sasa najiandaa na mtihani wa kuomba ufadhili wa masomo kama nyinyi. Malori yakiegesha, mimi naandika majina ya madereva huku daftari la mazoezi limejificha chini ya kitabu cha wageni. (Bosi, kama umo humu, hayo ni maneno tu.) Ninachojivunia ni yale maswali ya kutosha au kutotosha. Unapewa swali, halafu unapewa taarifa mbili. Huulizwi jibu. Unaulizwa tu kama taarifa ya kwanza peke yake inatosha kupata jibu, au ya pili peke yake, au mpaka uziunganishe. Na kama hata ukiziunganisha hazitoshi, unachagua herufi E unaendelea na maisha yako.

Ndani ya maswali hayo, mimi ni mkali wa yale ya watu wawili wanaofanya kazi moja. Juma na Asha wanapaka ukuta rangi, mabomba mawili yanajaza tangi, mnayajua. Wiki iliyopita niliwatumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja nikiwaambia usijumlishe siku, jumlisha kasi. Anayemaliza kazi kwa siku kumi, kila siku anamaliza sehemu moja ya kumi. Nikawasisitizia na ile kanuni kubwa, kwamba ukishajua taarifa zinatosha, acha hapohapo, usikokotoe, jibu lenyewe hakuna aliyekuuliza. Ikumbukeni hiyo kanuni, kwa sababu mimi leo niliisahau.

Jambo jingine ambalo sikuwaambia. Miezi minne iliyopita, nikiwa bado msomaji tu humu kundini, nilisema nina dharura, nikapotea siku tano, nikarudi na swali la mabomba. Dharura ile ilikuwa baba. Tulimzika Kidete siku ya Jumatano. Nilijiandikisha mtihani huu wiki moja baadaye, na ukweli ni kwamba nilitaka kushika kitu chenye jibu. Sikuwa na akili ya kitu kingine chochote.

Leo mama ametoka eda. Miezi minne na siku kumi alikuwa ndani, na leo asubuhi mashangazi walimwogesha, wakamvua nguo nyeupe, wakamvika dera jipya la zambarau. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, hajui mikono aiweke wapi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba," halafu akanivuta karibu, akaninong'oneza.

"Zaina, leo baada ya kula baba yako mdogo ataleta habari ya bonde. Naomba unisemee."

Bonde ni shamba letu, kule chini karibu na Mto Mkondoa. Udongo mweusi, mahindi yanakua mpaka unapotelea humo ndani. Trekta halishuki kule, ni jembe la mkono mwanzo mwisho. Tangu napata akili, baba na mama wanalilima wawili. Na baba miaka hii ya karibuni alikuwa na wimbo wake, akikutana na mtu yeyote njiani lazima amwambie: "Mimi na mama Zaina, siku sita, bonde limekwisha." Mtu amemsalimia tu.

"Wanataka kumpa binamu yako alilime," mama akasema. "Mimi niletewe mahindi nyumbani kama mgonjwa. Nikikaa bila lile shamba, nikiamka asubuhi nitakuwa naenda wapi?"

Nikamwambia, "Mama, niachie mimi." (Kauli hiyo muiweke kwenye orodha ya maneno ya mwisho ya watu walioumbuka.)

Dua ikasomwa, pilau likaliwa. Kabla watu hawajanawa vizuri akaingia Mzee Kibwana. Huyu ni mtani wa ukoo wetu na jirani yetu, mzee mwembamba asiyejua kunyamaza. Siku ya mazishi alilala ndani ya kaburi akasema halimtoshi baba, na kwa kuwa ni mtani hakuna aliyemgusa. Leo alikwenda moja kwa moja chumbani, akatoka amevaa koti la baba la kahawia na jembe la baba begani. Akavuka uwanja kifua mbele, mwendo uleule wa baba, mpaka shangazi mmoja akashika mdomo. Akafika katikati, akakwangua ardhi mara moja. Kisha akaliweka jembe chini taratibu, akageuza ndoo, akakaa juu yake, akakunja nne.

"Ehe, mama Zaina," akasema kwa sauti ya baba kabisa, "nilikuwa nimefika wapi?"

Watu walicheka mpaka mtoto aliyekuwa amelala akaamka. Mama naye alicheka, halafu akajifunika uso kwa kanga na mabega yakaendelea kutikisika muda mrefu. Mimi nilikasirika kidogo. Najua mtani ana ruhusa zake, ila baba hakuwa mvivu. Kila nilipokuja likizo nilimkuta jioni pale kwenye pipa la maji anaosha udongo kwenye jembe lake, anasugua kwa gunzi, kila mpita njia anamwona. Nikasema moyoni, subiri kidogo mzee, leo nitamtetea kwa namba.

Masinia yalipoondolewa, baba mdogo Rajabu akakohoa. Ni mdogo wake baba wa mwisho, mtu mpole, na sitaki mumchukie. Alisema kwa adabu zote kwamba shemeji yake amepata mtihani mkubwa, umri umekwenda, kazi ya bonde ilikuwa ya watu wawili na sasa amebaki mmoja. Kwa hiyo, akasema, msimu huu bonde lilimwe na binamu, na shemeji ataletewa fungu lake. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mama alikuwa amekaa mlangoni na wifi zake, anaangalia vidole vya miguu yake.

Nikanyoosha mkono. Ndiyo, nilinyoosha mkono, kama niko darasani.

"Baba mdogo, samahani. Naomba niseme. Hili jambo ni la hesabu."

"Haya, profesa," akasema, na watu wakatabasamu.

Nikaenda jikoni nikarudi na kipande cha mkaa. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, pale katikati ya mikeka, nikaanza kuandika herufi kubwa ili hata shangazi mwenye mtoto wa jicho aone. Nilijisikia vizuri sana. Nawaambia ukweli, kwa mara ya kwanza tangu baba afariki nilijisikia vizuri.

"Taarifa ya kwanza," nikasema. "Baba na mama pamoja, siku sita. Kuna anayepinga?"

Hakuna aliyepinga. Wimbo ule kila mtu aliujua. Nikaandika.

"Taarifa ya pili. Baba peke yake, siku kumi."

Hii nayo ilikuwa na ushahidi. Miaka minne iliyopita nilijifungua Mikumi, mama akaja kuniuguza mwezi mzima, na ulikuwa msimu wa kulima. Siku moja baba akanipigia simu: "Mwambie mama yako asiwe na haraka. Bonde nimelimaliza mwenyewe, siku kumi." Nilimwambia mama, mama akasema, "Alhamdulillahi," akaendelea kumkanda mtoto. Nikaandika: Baba, siku 10. Mzee Kibwana, bado na koti la baba, akakohoa. Nilidhani ni pilipili.

"Sasa swali," nikasema. "Je, tunaweza kujua mama peke yake atalima bonde kwa siku ngapi? Taarifa ya kwanza peke yake haitoshi. Ya pili peke yake haitoshi, haimtaji mama kabisa. Lakini ukiziunganisha, zinatosha."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuweka mkaa chini. Kanuni inasema hivyo, na mwenye kanuni ni mimi. Zinatosha, asanteni, tunywe chai. Lakini nilishaona macho yote yako kwangu, na baba mdogo ameinama kabisa kutazama. Nikakokotoa.

Kwa siku moja wawili wanamaliza moja ya sita. Baba peke yake, moja ya kumi. Ukitoa, inabaki ya mama. Tano ya thelathini toa tatu ya thelathini, mbili ya thelathini, yaani moja ya kumi na tano. Nikaandika kwa mkono wa madaha: MAMA, SIKU 15. Nikaizungushia na boksi.

Nikainua kichwa nikitabasamu. Hakuna aliyetabasamu nami.

"Kumi na tano," baba mdogo akarudia polepole. Akaangalia nje, mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya milima. "Na mvua za masika, mwanangu, zimebakiza siku ngapi?"

"Wiki mbili hazifiki," akajibu mtu nyuma yangu.

"Basi profesa ametusaidia. Shemeji hatamaliza. Na si mimi niliyesema, imeandikwa hapo."

Bado sijafika kwenye aibu yenyewe. Shangazi yangu mkubwa, dada yake baba, alikuwa anazisoma zile namba kwa kidole. Akafika mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. "Kumbe marehemu kaka yangu ndiye alikuwa anaivuta kazi yote," akasema. "Wifi alikuwa anamsindikiza."

Nikageuka kumwangalia mama. Alikuwa anaiangalia ile kumi na tano ndani ya boksi lake. Mama hajui sana kusoma, ila namba anazijua. Nilitamani sakafu inimeze pamoja na mkaa wangu. Niliombwa kumsemea, na mimi nimemwandikia kwa herufi kubwa, siku aliyotoka eda, mbele ya wifi zake, kwamba maisha yake yote alikuwa mzigo shambani kwa mume wake.

"Futa," mama akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama?"

"Futa hiyo kumi na tano."

Mama hazungumzi mbele ya shemeji zake. Huwa anatuma mtu, kama alivyonituma mimi asubuhi. Leo alisema mwenyewe, na hakuinua sauti.

"Shemeji, nisamehe. Nilimwahidi kaka yako sitasema, na kama si huyu mtoto na makaa yake nisingesema. Kiuno chake kilianza mwaka ule alipozaliwa mjukuu. Misimu minne hakushika jembe. Zile siku sita ni zangu."

Jikoni mtu alikuwa anaosha masufuria, naye akaacha.

"Alikuwa anabeba jembe kutoka hapa mpaka bondeni, watu wamwone," mama akaendelea. "Tukifika anakaa kwenye ndoo. Jioni nalipaka udongo jembe lake, analiweka begani, tunarudi. Akifika hapa analiosha. Alikuwa anapenda kuliosha."

Pipa la maji lipo palepale, hatua tano kutoka nilipokuwa nimepiga magoti. Sikuweza kuliangalia. Nilikuwa naangalia vidole vyangu, vyeusi vyote.

Baba mdogo alivua kofia, akaishika. "Nilikuwa namuuliza," akasema. "Kila nikija namuuliza, kaka, kiuno vipi? Ananiambia kimepona." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa zile siku kumi alizolima peke yake?"

Sote tukamgeukia Mzee Kibwana. Alikuwa ameshavua koti la baba, amelikunja mapajani vizuri.

"Zile ni zangu na mke wangu," akasema. "Yeye alitupikia ugali. Ugali wenyewe mbichi." Watu wachache walicheka, naye akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Aliniambia, mtani, ukisema nitakufufukia. Nimekaa miaka minne sijasema. Leo nikaona niwaonyeshe tu, kuonyesha si kusema."

Wapendwa, taarifa zangu mbili, zote mbili, zilikuwa za uongo. Na ya kweli ilipita mbele yangu ikiwa imevaa koti, ikageuza ndoo, ikakaa, na mimi nikaikasirikia.

(Mama baadaye aliniambia kwamba zamani, baba akiwa mzima, walikuwa wanamaliza kwa siku nne. Najua mnaanza kukokotoa baba peke yake angekuwa siku ngapi. Acheni.)

Baba mdogo alivaa kofia yake. Alisema, "Basi bonde linabaki kwa mwenyewe," na wazee wakaitikia tena kwa vichwa. Kisha akamuuliza mama, kwa heshima kabisa, kama mtu anayetaka kupanga mambo yake, "Kwa hiyo shemeji, msimu huu ni siku sita, sivyo?"

Mama aliliangalia jembe la baba, pale Mzee Kibwana alipoliweka.

"Sijui, shemeji," akasema. "Zile sita alikuwepo. Alikuwa anaongea tangu asubuhi mpaka jioni, huku nalima. Sijawahi kulima kukiwa kimya."

Hapo nilishindwa. Nililia kwa sauti, nikajifuta machozi kwa mikono ile ile ya mkaa. Shangazi mkubwa alikuja kunishika, akaniangalia usoni, na badala ya kunibembeleza akaanza kucheka. Nilikuwa na masharubu. Mwenye mtoto wa jicho naye aliyaona, kwa hiyo mnaweza kukadiria ukubwa wake. Binamu alipiga picha, na nimeshamwomba asiitume popote, na najua ameshaituma.

Wageni walipoondoka nilipewa ndoo na tambara nisugue sakafu. Nilifuta kumi na tano na boksi lake. Nikafuta sita. Nilipofika kwenye mstari wa baba, mama akasema kutoka mlangoni:

"Huo uache."

"Mama, si kweli huu."

"Najua si kweli. Uache, watu wakija wausome."

Kwa hiyo mpaka sasa hivi ninapowaandikia, ukiingia kwetu barazani utakuta kwenye saruji imeandikwa kwa mkaa: Baba, siku 10. Nimeuzungushia boksi.

Kisha mama akaniambia nipige simu Mikumi niombe ruhusa ya wiki moja, kwa sababu kesho asubuhi tunashuka bondeni. Nikamwambia sawa, nikaenda kuchukua jembe la baba. Akanitazama mikono (hii mikono inayoshika kalamu na funguo za vyumba), akacheka kwa mara ya pili leo.

"Jembe beba, lakini usiliguse ardhini, utaniharibia matuta. Wewe chukua ndoo, ukae."

"Nikae nifanye nini?"

"Uongee."

"Niongee nini siku sita, mama?"

"Chochote. Baba yako alikuwa anarudia yaleyale."

Basi kesho naanza. Swali ni hili, jaribuni wenyewe: mama analima, mtoto anaongea, bonde litakwisha kwa siku ngapi? Mimi nimeshachagua E, na yeyote atakayenitumia swali la mabomba kabla sijarudi namtoa kundini.